Kuzoea Nomino za Kijerumani Zitokanazo na Vivumishi

Mwanafunzi wa Kisumu anayejiandaa kwa kazi ya uuguzi Ujerumani hukutana mapema na neno «krank», yaani -gonjwa, na hapo hana sababu ya kuogopa, kwa kuwa Kiswahili nacho huongeza kiambishi tu kwenye kivumishi hicho na kupata mgonjwa. Tofauti ni kwamba Kijerumani hubadilisha mwisho wa neno, na nomino hiyo huendelea kunyambuliwa kama kivumishi, ingawa huandikwa kwa herufi kubwa.

Anza na jozi moja na uikariri kwa sauti, hata ukiwa ndani ya matatu: «der Kranke», mgonjwa anayejulikana, na «ein Kranker», mgonjwa fulani wa kiume. Herufi «r» ya «der» huhamia kwenye nomino kwa sababu «ein» haionyeshi jinsia. Kwa mwanamke sema «die Kranke» au «eine Kranke». Kwa wengi, «die Kranken», lakini bila kibainishi (neno kama «die» lililotangulia nomino) ni «Kranke». Baada ya «mit», yaani pamoja na, useme «mit dem Kranken», na hapa ndipo wengi hujikwaa.

Kisha ubadilishe shina: «der Deutsche», «ein Deutscher», yaani Mjerumani. Mkenya, kwa bahati nzuri, ni «Kenianer», nomino ya kawaida.

Mambo yasiyo watu huchukua «das»: «das Gute», jema. Baada ya «etwas» (kitu fulani) na «nichts» (hakuna kitu) tumia -es, kama «etwas Gutes», ila baada ya «alles» (kila kitu) ni «alles Gute», maneno ambayo Wajerumani huyatumia kutakiana heri.