Kabla hujarekebisha mwongozo wa programu huria
Usidhani eti programu ikiwa huria basi na mwongozo wake uko hivyohivyo, fungua kwanza ukurasa wa leseni. Ukikuta ni GNU FDL, yaani leseni ya miongozo na nyaraka huria, tafuta palipoandikwa "Invariant Sections", yaani sehemu zisizoguswa, hizo huruhusiwi kubadili wala kufuta hata kama zimepitwa na wakati (mi naona kero tupu, na Debian, mradi wa mfumo endeshi huria, mwaka 2006 walipiga kura wakasema mwongozo wenye sehemu hizo si huru). Kama hazipo, we rekebisha tu, ila badili jina la mwongozo, notisi za hakimiliki ziache zilivyo, halafu kwenye sehemu ya historia ongeza mstari: jina jipya, mwaka, nani karekebisha, nani mchapishaji. Na toleo lako litoke kwa leseni ileile.