Kabla Hujanunua Laptopu Mpya ya Muziki: Hatua za Kuifufua Uliyo Nayo

Wasanii wengi wanaokuja studioni kwangu Langoni, mjini Lamu, huamini kwamba laptopu inayokwamakwama wakati wa kurekodi haina dawa ila kununua nyingine. Mara nyingi inachohitaji ni usafi na vipuri viwili tu.

Hatua ya 1: Tafuta kinachoilemea. Cheza wimbo wako mzito kuliko zote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na Windows itakufungulia dirisha linaloonyesha matumizi ya CPU, yaani prosesa, pamoja na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na diski. Andika daftarini ni kipi kinachojaa. Prosesa ikijaa, usikate tamaa mapema, kwa sababu prosesa iliyopata moto hujipunguzia kasi yenyewe.

Hatua ya 2: Ifungue na uisafishe. Kwetu pwani hatua hii hairukwi. Zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko kwa bisibisi inayolingana na skrubu, na utenganishe betri kabla ya kugusa chochote. Upepo wa bahari huleta chumvi na unyevu, na vumbi likichanganyika navyo hugandamana baina ya feni na mapezi ya shaba yanayotoa joto. Katika laptopu ya mpiga udi mmoja niliukuta utando wa kijivu mzito kama kipande cha blanketi, nikauvuta kwa kibano ukatoka mzima. Kabla ya hapo alikuwa akilaumu programu yake ya kurekodia. Unapopuliza vumbi, izuie feni kwa kidole isizunguke ovyo. Futa krimu kavu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa na upake mpya kidogo, kisha usugue meno ya RAM, yaani ncha zake za shaba zinazoingia kwenye nafasi yake, taratibu kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, uyaache yakauke kabisa.

Hatua ya 3: Ongeza RAM. GB 8 zinatosha kuanzia, lakini mimi nakushauri GB 16 ikiwa unatumia ala nyingi za muziki zinazopigwa na programu ya kompyuta. Hakikisha aina yake kwanza, kwani DDR3 na DDR4, ambavyo ni vizazi viwili vya RAM, haziingiliani. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyolehemiwa, na MacBook za chipu ya M1, zilizotoka mwaka 2020, haziongezwi RAM baada ya kununuliwa.

Hatua ya 4: Badilisha diski. Traki moja ya mono, yaani sauti moja iliyorekodiwa peke yake, kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48 (sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kila sekunde), hula takriban MB 8.6 kila dakika. Kwa hiyo wimbo wa taarab wa dakika 5 wenye traki 20 hufika MB 864, na zote husomwa kwa pamoja. Diski ya kuzunguka hulazimika kuhamisha kichwa chake kutoka faili hadi faili, ilhali SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachozunguka. Nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje kabla ya kuanza.

Hatua ya 5: Rekebisha bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo programu ya kurekodia huikusanya kabla ya kuishughulikia. Unaporekodi mwimbaji, weka sampuli 128, ambazo kwa kilohezi 48 ni kama milisekunde 2.7, ili asisikie sauti yake ikichelewa. Unapochanganya, panda hadi 1024 ili prosesa ipumue.

Sasa cheza tena wimbo ule ule na ulinganishe na ulichoandika daftarini. Ikiwa prosesa bado inajaa, hapo nunua nyingine.