SOMO: Tumia akili mnemba kunoa Kiingereza chako cha kuandika, isikuandikie

Naliweka hapa mara moja, maana swali la namna ya kujifunza kuandika Kiingereza kwa akili mnemba naulizwa kila wiki, hasa na vijana wa kidato cha kwanza. Msingi wamesoma kwa Kiswahili, ghafla kila somo ni Kiingereza.

1. Andika aya moja mwenyewe, daftarini.

2. Ichape ilivyo, na makosa yake, kwenye programu ya akili mnemba. ChatGPT au Gemini, za bure zinatosha.

3. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukisema "nirekebishie", unaletewa insha nyingine, imenyooka, na wewe hujajifunza kitu. Iamuru kwa Kiswahili: "Usiandike upya. Nionyeshe sentensi yenye kosa, taja aina ya kosa, nisahihishe mwenyewe." Binti mmoja wa Igoma, Mwanza, aliandika kuhusu mama yake muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba: "My mother he sell dagaa." Akaambiwa kiwakilishi hakimfai mama, na hata hakihitajiki, kitenzi nacho hakijafuata umoja. Akakaa nayo, akaandika: "My mother sells dagaa." Hilo halitamtoka. TAHADHARI: mazungumzo yakirefuka huanza kukuandikia tena, rudia amri. Na huweza kukupa kanuni ya uongo kwa kujiamini kabisa, kwa hiyo hakiki kitabuni.

4. Orodhesha makosa yako nyuma ya daftari.

5. Kesho andika aya ileile bila simu.

MASWALI

— Mkuu, niandikie tu barua ya kazi, natuma leo jioni.
— Soma namba 1.

— Si ungeweka tu amri ya kunakili?
— Ipo namba 3, kwenye alama za kunukuu. Soma somo kwanza, ndugu.

— Mwalimu, shikamoo. Mbona nikiuliza jambo lilelile mara mbili napata majibu tofauti?
— Marahaba, umeuliza vizuri sana. Haichomoi jibu lililohifadhiwa mahali. Inakadiria neno baada ya neno, na palipo na maneno kadhaa yanayofaa inaweza kuchagua lolote. Kwa hiyo omba mifano mitatu ya kanuni unayoiulizia, ulinganishe na kitabu cha sarufi. Mifano ikigongana, muulize mwalimu wako.

— Nyongeza kutoka Nyegezi: iambie itumie Kiingereza cha Uingereza. Mdogo wangu alizoea "color", mwalimu wake akawa anamkata alama.
— Ahsante, hiyo naiongeza namba 3.

— Na bando?
— Maandishi hula kidogo mno, video ndizo zinazomaliza. Andika aya kadhaa daftarini, uzichape kwa mkupuo.