Dinosaria wa Chuma kwenye Famicom: Jinsi ya Kumtengeneza Bosi Asiyemuudhi Mchezaji

Magemu mengi ya zamani ya maroboti yalipendeza kwenye boksi, lakini ukishika pedi yanakera. Mfano unaojulikana ni Transformers: Convoy no Nazo, gemu ya mwaka 1986 ya Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo. Ultra Magnus, roboti anayeendeshwa na mchezaji, anakufa kwa pigo moja tu, na risasi za maadui ni vidoa ambavyo jicho huviona wakati ameshakufa. Dinosaria wa roboti ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu lazima awe mkubwa, na mashine hii haikuundwa kubeba vitu vikubwa. Hapa tunatengeneza bosi mmoja kwa asembla ya ca65 (programu inayogeuza msimbo kuwa gemu) na emuleta ya Mesen (programu inayoiga Famicom kwenye kompyuta). Msomaji awe tayari anajua kuonyesha picha na kusoma pedi.

Hatua ya 1: Hesabu spraiti kabla ya kuchora

Famicom ina spraiti 64 (vipicha vidogo vinavyosogea juu ya mandharinyuma), lakini mstari mmoja wa skrini hauonyeshi zaidi ya 8. Ya 9 haitokei kabisa. Kila spraiti ina upana wa pikseli 8, kwa hiyo dinosaria wa pikseli 64 anaumaliza mstari peke yake. Mchezaji akimsogelea, mmoja wao anapotea. Ukibadilisha mpangilio wa spraiti kila fremu, wote wawili wanamemeteka kama taa yenye waya legevu.

Suluhisho ni lile la joka la chuma katika Mega Man 2 ya mwaka 1988: mwili mkubwa unachorwa kwenye mandharinyuma, skrini inabaki nyeusi, na kinachosogezwa ni mandharinyuma yenyewe. Spraiti zinabaki kwa vitu vidogo. Tumia spraiti za 8×16 na uzigawe hivi kwa kila mstari: kichwa 3, mchezaji 2, risasi za mchezaji 2, risasi ya dinosaria 1. Tayari ni 8. Ukitaka mkono unaorusha kombora, uweke chini, kwenye mistari ambayo kichwa hakifiki.

Hatua ya 2: Chora mwili

Mwili wa 96×80 unakula vigae 120 (vipande vya picha vya pikseli 8×8) kati ya 256 vya mandharinyuma. Mandharinyuma haigeuzwi kushoto na kulia kama spraiti, kwa hiyo dinosaria atazame kushoto muda wote, la sivyo utachora vigae vingine 120.

Kila eneo la 16×16 linapokea paleti moja: rangi 3 pamoja na nyeusi ya wote. Bega, goti na mkia vianzie kwenye gridi hiyo, ama sivyo rangi ya kiungo kimoja itavujia kiungo cha jirani. Kwa chuma tumia namba za rangi $00, $10 na $30. Nyeusi iwe $0F, kamwe si $0D, ambayo huvuruga baadhi ya televisheni za zamani. Kila bamba lipate mstari mweupe wa pikseli 1 ukingoni juu, kijivu cheusi chini, na nati moja yenye nukta nyeupe. Kivuli kikiwa upande mmoja kwa mabamba yote, macho yanaona chuma. Kikitawanyika, yanaona jiwe.

Hatua ya 3: Mtembeze

Hapa ndipo penye kazi. Mchore akianzia X=160, kisha umsogeze kwa $2005, anwani inayosogeza mandharinyuma: thamani ya X ni 160 kutoa mahali unapomtaka. Ukurasa wa pili wa mandharinyuma, wa upande wa kulia, uwe mweusi, la sivyo takataka zitaingia anapokwenda kushoto.

Sakafu isisogee naye. Tumia spraiti namba 0: inapogusa pikseli yenye rangi ya mandharinyuma, biti 6 ya $2002 (anwani ya hali ya skrini) inawaka, nawe unaandika X=0 kwenye $2005. Mambo mawili huharibika hapa. Kwanza, mwanzoni mwa fremu biti hiyo bado imewaka kutoka fremu iliyopita, hivyo subiri izime, ndipo usubiri iwake. Pili, mwili ukisogea na kuacha weusi chini ya spraiti 0, mgongano hautokei na gemu inaganda. Kwa hiyo chora bamba la kigae kimoja, nene pikseli 8, juu ya sakafu, lipite kurasa zote mbili bila pengo, na nukta ya spraiti 0 ikae katikati yake.

Uzito sasa. Asogee pikseli 1 kila fremu 2. Mguu ukitua, asimame fremu 12, na katika 8 za mwanzo Y ya skrini ipishane kati ya 0 na 2. Usiandike Y ya 240 hadi 255 ukidhani ni namba hasi, maana mashine itaonyesha data ya paleti kama vigae. Kichwa kifuate mtikisiko huo huo. Kikionekana kimekatika shingoni kwa pikseli 1, kumbuka spraiti huchorwa mstari mmoja chini ya Y uliyoandika: toa 1.

Hatua ya 4: Mpe mchezaji haki yake

Mchezaji wa 16×32 awe na kisanduku cha mgongano cha 8×22. Kisanduku cha kinywa cha dinosaria, ambacho ndicho sehemu dhaifu, kizidi picha kwa pikseli 2 kila upande. Risasi ikipiga bamba, itoe cheche ya fremu 4 na mlio mkali mfupi, mchezaji ajue hapo hapaingii.

Kabla ya kufyatua, taya lifunguke na macho yawe mekundu kwa fremu 24. Risasi iwe na upana wa pikseli 6 angalau, kiini cheupe, mwendo wa pikseli 2 kwa fremu.

Hatua ya 5: Uhai

Mapigo 24. Kinywa kibaki wazi fremu 40 katika kila 120. Mchezaji akipiga mara 3 kila kinapofunguka, pambano litachukua kama sekunde 16. Yakibaki mapigo 16, kisha 8, ng'oa bamba moja kwa kubadilisha vigae. Usizidishe baiti 32 kwa fremu: muda salama wa kuandika, kabla skrini haijaanza kuchorwa tena, ni kama mizunguko 2,273 ya prosesa, na kunakili spraiti peke yake kunachukua 513.

Hatua ya 6: Jaribu

Zima chaguo la emuleta linaloondoa kikomo cha spraiti 8. Likiwa limewashwa, kila kitu kinaonekana kizuri hadi siku ya kuchomeka kaseti kwenye mashine halisi.

Namba zote hapa ni za fremu 60 kwa sekunde. Televisheni za analojia za Tanzania na Kenya zilikuwa za PAL, mfumo wa fremu 50 kwa sekunde, na huko dinosaria huyu atatembea taratibu zaidi, mwendo ukipungua kwa sehemu moja kati ya sita. Kila fremu ya 5 endesha mantiki ya gemu mara 2, na mwendo utarudi pale pale.