Kuchomeka kadi ya picha kwenye kompyuta ya nyumbani
Kabla hujalipia kadi sokoni Darajani, fungua kasha ukague sloti ya PCIe, yaani tundu refu la kuchomekea kadi kwenye bodi kuu. Kadi ya PCIe toleo la 5.0 inaingia sloti ya toleo la 3.0 na kufanya kazi, ila kwa kasi ya 3.0. Urefu usikughuri: sloti nyingi za chini zina umbo la x16 (njia 16 za data) lakini njia zake ni 4 tu, soma kitabu cha bodi. Sloti hutoa wati 75, zinazozidi zitoke pawasaplai, kisanduku cha umeme cha kompyuta.

Zima, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Hewa ya chumvi hapa Unguja huacha utando kwenye meno ya kadi. Yafute kwa alkoholi ya asilimia 99, yakauke. Kandamiza kadi kwenye sloti mpaka kibano chake kilie "ta!" Skrini ikibaki nyeusi, tazama: mara nyingi waya wake umechomekwa kwenye bodi, si kwenye kadi.