SOMO: Kupanda Mtae na gari, na kushuka ukiwa bado na breki

Wakuu, kila ikikaribia likizo ya mwezi wa sita napokea ujumbe uleule: "Mkuu, nataka kupeleka familia Mtae, gari yangu itafika?" Nimejibu mpaka vidole vimeota sugu. Mtae ni kijiji cha juu kabisa milimani Usambara, wilaya ya Lushoto, Tanga. Naandika leo mara moja. Ukiniuliza tena nakurudisha hapa.

Nazungumzia Mombo, Soni, Lushoto, Magamba, Lukozi, Sunga hadi Mtae, kisha kwa wenye roho ngumu, kuteremka upande wa Mnazi, kijiji kilicho chini ya mlima, kwenda kwenye tambarare za hifadhi ya Mkomazi. Kipande cha Mombo hadi Lushoto ni lami yenye kona, hakihitaji somo.

1. Msimu. Machi hadi Mei kaa nyumbani. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa ni sabuni.

2. Mafuta jaza Lushoto, tangi lote.

3. Beba spea yenye upepo (ipime, usiibonyeze kwa kidole), jeki na kipande cha ubao cha kuiwekea chini, kamba ya kuvutia, jembe na maji.

4. Upepo wa matairi. Lami ikiisha punguza. Mimi natoka psi 35 nashuka 27. Tairi hulala kidogo, hushika, na mgongo wako utashukuru. Ukirudi kwenye lami jaza tena, maana tairi laini kwenye mwendo mkali huchemka hadi kupasuka. Huna pampu ya kuchomeka kwenye gari? Basi usiguse upepo.

5. Kupanda. Chagua gia ukiwa chini, kabla ya mlima, usije ukahangaika nayo katikati. Injini ikizima huko juu, kanyaga breki, ingiza rivasi, kisha rudi nyuma taratibu kwa kunyooka. Usikunje usukani kutaka kugeuza. Gari likikaa ubavu kwenye mteremko linabingirika.

6. Kona zisizoonekana, piga honi. Anayepanda apishwe, kwa sababu ukimsimamisha hapo kuondoka tena ni shughuli.

7. Kushuka. Hapa mkae vizuri.

Mwaka 2016 nilikuwa na Prado ya otomatiki. Fundi alikuwa ameniambia breki "ziko safi kabisa, bosi." Kutoka Mtae kuteremka Mnazi unapoteza zaidi ya mita 1,000, na mimi niliteremka nikiwa kwenye D (gia ya kawaida ya kwenda mbele), mguu juu ya breki, nikimwonyesha shemeji yangu mandhari. Baada ya kama robo saa nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikadhani ni mkaa wa wanakijiji. Kona iliyofuata pedali ikaenda mpaka chini, laini kama sponji. Nikaipampu, hamna kitu. Nikavuta gia mpaka L (gia ya chini kabisa), gari likaguna na kupungua, nikalilaza kwenye ukingo wa upande wa mlima. Ubavu ulichunika wote. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na vilele vya migomba, na vilikuwa chini yetu.

Kilichotokea ni kwamba oili ya breki ilichemka. Oili hiyo hunyonya unyevu hewani kadiri inavyokaa. DOT 3, aina ya oili ya breki inayotumika sana, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji inachemka kwenye 140. Ikichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo mguu unasukuma hewa tupu. Yangu haikuwahi kubadilishwa tangu ninunue gari. Vipande vya breki kweli vilikuwa safi, fundi hakudanganya; oili hakuitazama, na mimi sikumuuliza.

Sasa zingatia:

Simama KABLA ya mteremko. Weka N (gia huru), ingiza 4L (gia nzito ya magurudumu yote manne), subiri taa iache kupepesa, kisha gia ya kwanza au L. Achia breki, uache injini ilishikilie gari. Likiongeza kasi, kanyaga kwa nguvu mpaka lipungue, kisha ACHIA. Usibebe mguu juu ya pedali njia nzima. Usishuke kwenye N eti unaokoa mafuta. Na ukisikia harufu, simama nusu saa, weka mawe kwenye matairi. Usimwagie maji diski. Kijana mmoja mwenye huruma alinimwagia ndoo nzima, diski zikapinda.

Oili ya breki badilisha kila miaka miwili.

8. Mandhari. Lala juu, amka kabla ya jua. Kijiji kiko kwenye ncha ya mlima, na asubuhi mawingu yanakuwa chini yako. Yakifunguka unaiona Mkomazi yote, na hewa ikiwa safi, Kilimanjaro.

MASWALI

Mwenye IST: Mkuu, IST inafika?

Jibu: Soma namba 1 na 5, kisha uchungulie chini ya gari lako.

Mwenye IST: Nimesoma, hujasema IST.

Jibu: Wala meli sijaitaja.

Wa Korogwe: Unatutisha bure. Mabasi yanapanda Mtae kila siku bila hizo mbwembwe zako.

Jibu: Mabasi hayo yanaendeshwa na watu waliopita pale mara elfu. Siku moja kaa siti ya mbele uangalie mkono wa dereva: gia anaishusha kabla ya mteremko, na breki ya ekzosi (inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo) inalia njia nzima. Hizo ndizo mbwembwe zangu. Na mabasi hayo hayateremki Mnazi.

Mwenye mkonga: Kaka, asante. Land Cruiser yangu ni dizeli isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia injini hewa). Kupita Magamba ilichoka kabisa, moshi mweusi, nikadhani nozeli za kupulizia dizeli zimeharibika. Kushuka Mombo ikapona yenyewe. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri sana hili. Huko juu hewa ni nyepesi, injini inavuta oksijeni kidogo huku pampu ikimwaga dizeli ileile, ndiyo moshi. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Usiguse nozeli. Tumia gia ya chini zaidi na usikandamize mafuta. Jaribu hili: maliza maji ya chupa ya plastiki ukiwa Mtae, ifunge, itupe kwenye siti. Ukifika chini itakuwa imebonyea kama imekanyagwa.

Mwenye mkonga: Hahaa, kumbe! Nilimlaumu mtoto kwamba ameikalia.

Mama wa Tanga: Kaka, nina RAV4 haina 4L. Nishukeje?

Jibu: Dada, usiende Mnazi. Rudi njia uliyopandia, ukiwa kwenye L, na usimame kila ukihisi pedali inabadilika. Soni pumzika, kuna maporomoko karibu kabisa na barabara, watoto watafurahi na breki zitapoa.

Mama wa Tanga: Nimekuelewa. Kabichi ninunue juu au Mombo?

Jibu: Juu. Lakini ziweke chini, kwenye sakafu ya gari. Sio kwenye keria.

Wa Dar: Plamsi je? Tunakwenda mwezi wa sita.

Jibu: Mwezi wa sita hakuna plamsi, mkuu. Rudi Desemba.

Mwenye IST: Desemba IST itafika?