Jinsi ya kupanga umri wa elieni kwenye stori yako

Wengi wanaoandika stori za elieni, yani viumbe wa sayari nyingine, wanaanza na namba, eti hawa wanaishi miaka 900, basi imetoka hiyo, halafu ukisoma unakuta wanaoana na kugombania urithi vilevile kama majirani zako wa Nyegezi. Namba iache kwanza, anza na kinachowaua.

Yani huko kwao watu wanaliwa, wanakauka au wanachoka tu? Kiumbe anayeliwa hovyo mara nyingi anakua chapchap na kuzaa mapema maana akisubiri hafiki, dagaa wale wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, maisha yao ni mafupi sana na ziwa haliishiwi. Asiye na adui, tena yuko kwenye baridi, anajivuta, papa wa Greenland wanakadiriwa kuishi si chini ya miaka 272 na jike anapevuka akiwa na kama 150 hivi. Sasa hebu fikiria mchumba wa miaka 150 bado anaambiwa wewe mtoto.

Ukitaja miaka sema ya wapi, mwaka wa Mars peke yake ni siku 687 za kwetu.

Sayari ikiwa na ukame mrefu muige samaki kamongo, bwawa likikauka anajichimbia kwenye tope, anajifunika ute wake na kulala mpaka maji yarudi. Hapa ndo pana utamu aisee, miaka aliyolala inahesabika? Mama akilala na mtoto akabaki macho, mama akija kuamka mtoto ameshazeeka, nani mkubwa hapo? Au chukua wale samaki wadogo wa madimbwi ya mvua kule Msumbiji na Zimbabwe, wanaishi miezi michache tu, wazazi wanakufa dimbwi likikauka, mayai yanabaki kwenye udongo mpaka mvua nyingine, kwahiyo hakuna mtoto aliyewahi kumuona mzazi wake. Elieni wa hivyo lugha wanafundishwa na nani? Jibu lolote utakalotoa, tayari una stori.

Na uzee usiwe mvi na mkongojo tu jamani. Mwili hauchakai wote kwa pamoja, kobe Jonathan wa kisiwa cha St Helena anaaminika alizaliwa kama 1832, macho yameshaenda na harufu hasikii, ila majike bado anawataka.

Ukimaliza fanya jaribio hili, mpandishe elieni wako kivuko cha Kamanga, kile cha Mwanza kwenda Sengerema, ana miaka 9 na kwao ni bibi mwenye vitukuu, pembeni kakaa mzee wetu wa miaka 60. Nani anatoa shikamoo? Kama hujui, jamii yao bado hujaijenga. Mi ningemwambia mzee aamkie, ila mzee wa Sengerema anaweza akagoma kabisa, na abiria wote wakaingilia, basi sura ya kwanza hiyo hapo anza kuandika.